Gari Alilouziwa Nyanchoka na Mkwewe

Nyanchoka wa Itumbe hakuwa amewahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Sokoni Nyakoe, wauza parachichi wakimwona anakuja walianza kukohoa, maana walijua kinachofuata. Atauliza habari za nyumbani, atauliza mama alitoka ukoo gani, atarudi nyuma mpaka kwa nyanya aliyezaliwa mwaka wa nzige, na kabla mwuzaji hajafunga mdomo, Nyanchoka keshakuwa shangazi yake. Nani atampunja shangazi? Yuko mama mmoja aliyehamishia biashara yake ya nyanya soko la Keroka ili kumkwepa, akamkuta huko pia, na wakawa ndugu.

Basi bonasi ya majani chai ilipoingia vizuri, Nyanchoka akauza na fahali, akatangaza kwamba ananunua gari. Angeweza kununua kimya kimya. Lakini jirani yake Orpah alikuwa na gari dogo jekundu la kupeleka ndizi Kisii kila Ijumaa, na kila alipompa Nyanchoka lifti alimketisha nyuma pamoja na mikungu, kisha akiwapita watu alipiga honi ili waone nani amembeba nani. Jumapili moja, nje ya kanisa, Nyanchoka akamwambia mbele ya akina mama wote, "Orpah, hicho kiti cha nyuma waachie ndizi. Ijumaa nitapita mlangoni pako kwa gari langu."

Maneno hayo yaliizunguka Itumbe kwa kasi kuliko mbwa mwenye kichaa. Ijumaa ikawa haina pa kukimbilia.

Siku ilipofika akateremka Kisii mjini na binti yake Gladys, mwalimu, aliyekuwa na leseni ya kuendesha na haya ya kutosha watu wawili. Yadi waliyoingia ilikuwa ya Manasseh Angwenyi, mwanamume mwenye ulimi wa kumwuzia samaki mwavuli. Macho ya Nyanchoka yalienda moja kwa moja kwenye gari jeupe lililong'aa hata kunguru alikuwa amesimama juu yake akijitengeneza manyoya. Angwenyi akaeleza kwamba mwenye gari alikuwa daktari, na alilitoa nje siku ya ibada tu. Kisha akataja bei. Gladys akashika ukuta.

Nyanchoka hakushtuka. Alivuta kiti, akaketi, akaeneza leso magotini. "Mwanangu, wewe ni wa nani?"

Angwenyi naye hakuwa mgeni duniani. Biashara ilishamfunza kwamba undugu ni ugonjwa wa yadi. Akajibu kwamba yeye aliokotwa barabarani. Mama yake? Hamkumbuki. Nyanya yake? Hakupata kuwa na nyanya. Nyanchoka akampa pole kwa kunyeshewa na mvua, kisha akasema, kama anayesema na leso yake, kwamba mtu asiye na kwao hata mke hapati.

Hapo kiburi kikamponza Angwenyi.

"Mimi sina mke? Mama, mimi nimemwoa Cynthia, binti wa mzee Nyakundi, yule aliyetoka Itumbe akahamia Kitale. Nilipopeleka ng'ombe, Kitale nzima ilisimama barabarani."

"Nyakundi mwenye kidole kilichokatwa na shoka?"

"Huyo huyo."

"Nyakundi ni mdogo wa marehemu mume wangu," Nyanchoka akasema taratibu. "Cynthia ni mtoto wangu. Mimi ni mama mkwe wako."

Kama hujawahi kuona mwanamume akipungua, ungemwona Angwenyi. Kofia ilitoka kichwani yenyewe. Akarudi kinyumenyume mpaka nyuma ya lile gari jeupe, akabaki huko ameinamisha uso, ikaonekana kipara tu. Kwa Wagusii mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, wala hawatupiani mambo ya pesa usoni. Heshima hiyo huitwa ensoni, na anayeivunja hata mbuzi humgeuzia mgongo.

Nyanchoka alitabasamu, akafungua mdomo ili aanze kukata bei. Akaufunga tena. Alikuwa amesahau kwamba ensoni humfunga mkwe na mama mkwe kwa kamba moja.

Ikabidi Gladys asimame katikati, kwa kuwa shemeji na shemeji huruhusiwa kutaniana. Nyanchoka akimtuma aseme kwamba bei inamchoma, Gladys anageuka na kusema mama anachomeka, na Angwenyi, aliyesikia yote tangu mwanzo, anasubiri aambiwe upya. Mwishowe sauti ikatoka huko nyuma ya gari, ndogo, si ile ya kuuzia mwavuli.

"Shemeji, mwambie mama hili jeupe aliache. Liligongwa na lori likakunjika kama chapati, tukalinyoosha na kulipaka rangi. Achukue lile la kijivu kule mwisho. Sura halina, lakini roho linayo."

La kijivu lilikuwa na rangi ya panya aliyefiwa. Nyanchoka alilitazama, akalitazama jeupe, akauona akilini mlango wa Orpah, na moyo ukamuuma kama jino. Lakini mkwe aliyejivua nguo mbele yako humwachi akapigwa na baridi. Akakubali. Angwenyi akataja bei aliyolinunulia yeye mwenyewe, na ya soda juu yake. Mara mbili mdomo wa Nyanchoka ulifunguka wenyewe kupunguza, na mara mbili akauziba kwa leso. Akalipa bei ya kwanza.

Gladys akaingia kwenye usukani, akatazama miguuni, akatoka. Yeye alijifunza kwa gari linalojibadilishia gia lenyewe, na hili lilitaka kubadilishiwa kwa mkono. Angwenyi, mkwe mwema, akasema ataliendesha yeye mpaka Itumbe. Wema huo ndio uliomaliza kila kitu, maana kwa ensoni Nyanchoka hakuweza kupanda gari moja na mkwewe. Hata angeketi nyuma kabisa, pumzi zao zingekutana. Gari lake likatoka polepole kwa heshima, Gladys mbele akicheka na shemeji yake, na mwenye gari akabaki langoni na mkoba wake.

Ndipo ikasikika honi anayoijua. Orpah alikuwa anarudi kutoka kuuza ndizi. Akasimama, akateremsha kioo, akauliza kwa sauti ya asali gari liko wapi.

"Si ndilo hilo la kijivu mbele yako?" Nyanchoka akasema, akijifungulia mlango wa nyuma na kusukuma mikungu iliyokosa wanunuzi.

"Liko mbele, na wewe uko ndani ya langu?"

"Orpah, umewahi kuona mheshimiwa akisafiri bila gari la mbele la kumfungulia njia? Washa taa. Na usiliache likupotee, utaniaibisha."

Orpah akawasha taa, akalifuata. Itumbe watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara tangu saa nane. Waliona gari la kijivu likipita likiendeshwa na mwanamume aliyevaa tai, kisha jekundu likifuata na taa zake zikiwaka mchana, na Nyanchoka kiti cha nyuma, katikati ya ndizi, akiwapungia mkono. Wakapiga makofi. Wapo wanaoapa mpaka leo kwamba siku hiyo Nyanchoka alinunua magari mawili, na akamwajiri Orpah awe dereva.