Majina ya Mguu wa Mbele

Springi ya gari niliiogopa tangu siku ya kwanza, wala sioni aibu kusema. Kijiji chetu cha Ujamaa, upande wa Handeni, kilipata gari dogo, na kamati ikanichagua mimi, mama wa watoto wawili, nikajifunze kulitengeneza kwenye gereji moja ya Manundu, Korogwe. Sababu yao ilikuwa nyepesi: nilikuwa najua kusoma. Hakuna aliyeniambia kwamba chuma kinaweza kumng'oa mtu kichwa.

Aliyeniambia ni fundi wangu, mzee wa Kisambaa asiyependa maneno mengi. Mguu wa mbele wa gari lile ulikuwa na springi iliyobanwa kwa nguvu kuizunguka shokomzoba, kile kifaa cha kutuliza mitikisiko, na nati moja ya juu ndiyo iliyoizuia. Ukiifungua nati kabla ya kuidhibiti springi, inaruka na kila kilicho juu yake. Vibano vya kazi hiyo vilikuwa vimevunjika na vingine havikupatikana, kwa hiyo mzee aliifunga springi kwa kamba ya katani. Korogwe ilikosa karibu kila kitu miaka ile, lakini si katani.

Sheria yake ilikuwa moja: kabla nati haijaguswa, mimi nishike kila kipuri kwa kidole, kutoka juu kwenda chini, na kukitaja. Siku hiyo dereva wa kijiji alikuwa anatuharakisha, na mzee akaanza kulegeza nati huku nikiwa bado nataja. Nati, sahani ya juu, mpira, springi. Hapo kidole changu kikagusa kamba, nikaona uzi mmoja umekatika na wa pili unachanika.

Kamba aliifunga mzee mwenyewe, mtu wa umri wa baba yangu. Mimi mgeni, tena mwanamke, nimwambie kamba yake mbovu? Nikaendelea: sahani ya chini, fimbo, shokomzoba. Spana ilikuwa inazunguka, na uso wake uko juu ya nati.

"Mzee," nikasema hatimaye, "kamba inakatika."

Hakuinua macho. Akatuamuru mimi na dereva tutoke nje. Nikasimama nyuma ya ukuta, nikimsikia akiikaza nati upya, polepole, na kamba ikilia. Nilimfikiria mkewe, aliyeniletea uji asubuhi ile, nikajiuliza nitamwambia nini.

Alipotoka aliomba maji. Nikamletea kikombe, na maji mengine yakamwagikia shati lake. Akauliza nilikuwa nimefika kipuri gani nilipoona kamba inakatika. Nikamwambia kwenye springi.

Akahesabu kwa vidole yale majina matatu niliyoyataja baada ya hapo.

"Majina umeyashika, mama," akasema. "Ila hujaelewa kwa nini tunayataja."