Nyota Iliyotembea Juu ya Maposeni

Naikumbuka jioni moja ya Julai, mwanangu, baridi imeshika, nami ni msichana wa miaka ishirini kijijini kwetu Maposeni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria na maduka ya Majengo, mjini, yakajaa tena sabuni na sukari, na kila mwenye baiskeli na mizani akawa mnunuzi wa mahindi. Mmoja wa wanunuzi hao aliitwa Deo, kijana wa Majengo. Alikuwa mkweli kwenye mizani, mcheshi, mwenye mwanya uliomfanya aonekane anacheka hata akinyamaza. Tukapendana. Akamtuma mshenga na barua ya posa, na baba akaniambia, "Felista, jibu ni lako. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi."

Hapo moyo ukaanza kuyumba. Nilimpenda Deo, lakini niliuogopa mji. Nikaanza kuwaza utawa, maana masista niliowaona misheni walikuwa wasafi na watulivu, na hakuna aliyewapigia kelele. Sitakuficha, mwanangu: ule haukuwa wito, ulikuwa woga uliovaa shela ya kitawa. Lakini woga ukiwa wako mwenyewe huutambui. Nikaamua kumtwika Mungu mzigo wangu. Baada ya kula nilitoka uani, nikasali, "Bwana, kama unataka niwe sista, nionyeshe ishara."

Nilipoinua macho nikaona nyota inatembea. Haikuwa kimondo, kimondo huchoma anga mara moja kikazimika. Hii ilitokea kusini, ikapanda taratibu bila sauti, ikapita katikati ya nyota zilizotulia, ikaenda kufifia kaskazini, upande wa Madaba. Nikapiga ishara ya msalaba, nikiamini nimejibiwa.

Kwenye jumuiya ndogondogo, tulipokutana majirani kusali, nikasimama kushuhudia. Akina mama wakapiga vigelegele, mama yangu akalia kwa furaha. Kesho yake baba aliirudisha barua ya posa. "Siwezi kushindana na Mungu," alimwambia mshenga. Deo hakuja tena kijijini kwetu kununua mahindi.

Mwezi Novemba ndipo nilipokwenda kuonana na mlezi wa wasichana wanaoomba kujiunga na utawa. Alikuwa Sista Klotilda, mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimkuta bustanini akipalilia vitunguu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Haya, niambie, kwa nini unataka kuja kwetu?"

Nikamsimulia nyota yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kijembe chini.

"Ilitoka kusini kwenda kaskazini? Polepole, bila kumetameta?"

"Ndiyo, Sista."

"Hiyo ni setilaiti, binti. Ni chombo kilichorushwa na watu, kinazunguka dunia. Usione haya. Mimi mwenyewe nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni malaika. Nikamwendea mwalimu wa fizikia, akanieleza. Kuuliza si ujinga."

Masikio yaliniwaka moto. Nikamkasirikia yeye, nikamkasirikia na Mungu, aliyeacha chuma cha watu kipite juu ya kichwa changu nikiwa katikati ya sala.

"Kwa hiyo Mungu alinidanganya?"

"Mungu hakukwambia kitu. Wewe ndiye uliyesema, halafu ukamtia maneno yako kinywani." Hakusema kwa ukali, ila hakunionea huruma pia. "Hebu nijibu. Miaka ishirini umelala chini ya anga hili. Unazijua nyota ngapi?"

"Hata moja, Sista."

"Basi ulilitazama kama mtu anayepekua barua za watu kutafuta jina lake. Siku moja litazame bila kuomba kitu. Uliza tu: hii ni nini, na aliyeiweka ni nani? Sasa nenda nyumbani ukaseme ukweli. Utawa ukikuita kweli, njia unaijua."

Kwenda ilikuwa rahisi kuliko kurudi. Nilimkuta baba akitengeneza mlango wa ghala, nikamweleza yote. Aliweka nyundo chini.

"Nilimfungia kijana wa watu mlango nikidhani ni neno la Mungu," alisema. "Kumbe lilikuwa neno lako."

Sijawahi kupigwa fimbo iliyouma kama kauli ile. Hata hivyo, asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akapanda baiskeli hadi Majengo kuwaomba radhi wazee wa Deo. Kwetu mzazi wa binti hafanyi hivyo. Alijishusha kwa ajili yangu. Alirudi giza limeingia, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Wamenipokea vizuri," alisema. "Lakini Deo ameshachumbia kwingine. Wamekubaliwa."

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Mimi mjukuu huyo nilimlea kabla sijapata hata mtoto. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, nikalia.

Baba akanifuata na kigoda chake, akaketi karibu. Hakunisimanga. Akanyoosha mkono mashariki. "Unakiona kile kifungu cha nyota ndogo? Ndicho kilimia. Babu yako hakuwa na kalenda. Akikiona kinachomoza jioni upande huu, alijua mvua haziko mbali, shamba liwe tayari."

"Ni nyota ngapi?"

"Mimi naona sita. Mama yako anabisha, anasema saba."

Nikafuta macho nihesabu. Nikapata sita, nikarudia nikapata saba, nikapoteza hesabu. Nikamuuliza kwa nini hazitawanyiki, nani alizipa jina, na kama ziko jirani hivyo kweli au ni macho yetu tu. Kila swali alijibu, "Sijui, mwanangu," na kila "sijui" yake ilinifungulia swali jingine. Nilishtuka kugundua kwamba nimeacha kulia.

Basi nikawaza: hiki kilimia kimekuwa kikipanda tangu kabla ya babu, bila kusubiri mtu akiombe. Yule anayekipandisha hakuwa amenijibu, lakini pia hakuwa ameniacha. Alikuwa pale muda wote, mkubwa kuliko swali langu. Pembeni yangu baba, ambaye sikuwahi kumsikia akisali nje ya kanisa, alivua kofia akasema kwa sauti ndogo, "Asante, Baba."

Jumuiya nayo niliirudia, nikasema ukweli mbele ya wale wale walionipigia vigelegele. Wengine walicheka, na watoto wakanibandika jina, Sista Setilaiti. Nililiitika mwaka mzima. Na miaka minne baadaye, fundi seremala mmoja mpole alipoleta posa, nilisali kuomba hekima, nikajibu kwa kinywa changu mwenyewe.

Mwanangu, neno langu ni hili. Usimgeuze Mungu mpiga ramli wako. Uamuzi ulio wako uamue, na ukikosea, ungama mapema kabla kosa halijamfunga mwingine. Lakini usiache kutazama juu. Jifunze majina ya nyota, waulize walimu, waulize wazee, usiogope kwamba elimu itamfukuza Mungu. Aliyeziumba haogopi maswali yako. Mara nyingi ndiyo njia anayokuvutia nayo.

Mungu akupe macho yasiyochoka kushangaa na moyo usioona haya kuuliza. Akutangulie uendako, akulaze salama, na jua likuchwee ukiwa na amani.