Stebilaiza ya Gerson

Watu wa Nzuguni wana ulimi, jamani! Gerson, mpiga picha wao wa miaka ishirini na sita, hakuwa amemwambia mtu kwamba mkono wake wa kulia umeanza kucheza wenyewe. Wao walishaona, wakambatiza: Gerson Tetemeko. Daktari alisema hali ile haiui, ila haiondoki. Mkewe, Hilda, alianza tu kumjazia chai nusu kikombe, isimwagike. Jina la mtaani Gerson alilicheka. Ile nusu kikombe ndiyo iliyomchoma, tena kila asubuhi.

Pasaka ikaharibu mambo kabisa. Katika picha za kwaya, mama mmoja wa sauti ya kwanza alitoka na pua mbili. Katibu wa kanisa, Mama Paulina, ambaye kupindisha maneno hakufundishwa, akamwita ofisini.

"Kaka Gerson, mwezi ujao tuna kipaimara, watoto arobaini na wawili. Anakuja Baba Askofu Bartolomayo, yule mstaafu. Mwaka jana wapiga picha walimzingira mpaka wazazi wakaambulia kuona migongo. Safari hii hakuna kuvuka benchi la tano, na hakuna stendi ya kamera kuziba njia. Nakupa wewe. Lakini zikitoka kama za Pasaka, kazi zote za kanisa zinakwenda kwa Sabrina."

Sabrina alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, na Gerson alimpenda. Lakini bila kamera yeye angekuwa nani? Kulima hajui, na ng'ombe wa baba yake kule Buigiri aliwakimbia akiwa na miaka tisa.

Akaenda mjini kwa Hamidi, muuza kamera na lenzi za mitumba. Macho yake yakatua kwenye lenzi ndefu, nene, ya milimita mia tatu.

"Nipe hilo bomba."

"Hilo ni la mwenye mkono wa chuma," Hamidi akamjibu. "Chukua hii ya mia mbili na hamsini. Fupi kidogo, lakini ina stebilaiza."

"Stebilaiza? Hamidi, nimekuja kununua lenzi au friji?"

Hamidi akacheka mpaka akashika meza. "Ya friji inatuliza umeme, hii inatuliza mkono. Ndani kuna kioo kinachoelea. Mkono ukikimbilia kushoto, chenyewe kinakwenda kulia. Jaribu zote mbili. Soma kibao cha duka la dawa kule ng'ambo ya barabara."

Kwenye bomba, kibao kilicheza ngoma, herufi hazikukamatika. Lenzi ndefu, Hamidi akamweleza, inavuta kitu karibu, na mtetemeko inauvuta vilevile. Akamfungia ile fupi. "Bonyeza nusu, subiri." Kitu kikalia tii ndani ya lenzi, kwa mbali kama mbu, na herufi zikasimama moja baada ya nyingine. Gerson alitaka kulia. Akakohoa badala yake.

"Lakini nisikilize," Hamidi akasema. "Inatuliza mkono wako, haimtulizi unayempiga picha."

"Ndiyo, ndiyo," akaitika Gerson, ambaye masikio yake yalishafika nyumbani.

Kesho yake akampigia simu kwa hasira. "Umeniuzia nini wewe? Banda limetoka safi, kila msumari unaonekana, lakini kuku ni ukungu mtupu!"

"Basi na kuku mnunulie stebilaiza yake!" Hamidi akakata simu akicheka, na Hilda, aliyekuwa akichambua mchicha kando huku akisikia yote, akacheka naye. Gerson akanuna hadi chakula cha mchana.

Siku ya kipaimara ikafika. Kanisa lile lina madirisha madogo, mwanga haba, hivyo ilibidi aache shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, wazi kwa muda mrefu zaidi. Akaegemea nguzo karibu na benchi la tano, viwiko vimebana mbavu, pumzi ameishusha. Askofu akainua mkono juu ya mtoto wa kwanza. Gerson akabonyeza nusu, akasubiri ile tii, akapiga. Akatazama kioo cha kamera.

Mkono wa Askofu ulikuwa ukungu.

Mungu wangu! Akapiga wa pili: ukungu. Akamwona Sabrina akilini, akamwona Mama Paulina. Ndipo akakumbuka kuku. Akaikuza picha. Vifungo vya kanzu vinahesabika. Kope za mtoto zinahesabika. Akaangalia tena kupitia lenzi, akaona jambo ambalo hakuna macho yaliyoliona kutoka kwenye mabenchi: mkono wa mzee ulikuwa ukitetemeka hewani, na ulitulia pale tu ulipogusa kichwa cha mtoto.

Basi Gerson akawa anausubiri. Unatetemeka, unashuka, unagusa, tii, anapiga. Watoto arobaini waliobaki walitoka safi, na kila mmoja ana mkono wa Askofu kichwani.

Baada ya ibada, Gerson na wazee wa kanisa wakaitwa ofisini kunywa chai. Askofu alikuwa ameketi kwenye kochi. Mama Paulina akaichukua kamera, akaanza na picha ya kwanza, uso ukamkunjamana.

"Kaka Gerson! Umetetemeka tena. Tazama ulivyouharibu mkono wa Baba Askofu."

Jibu lilikuwa mdomoni. Vifungo, kope, angemwonyesha vyote. Lakini mwenye mkono alikuwa hatua mbili kutoka pale, mbele ya wazee wa kanisa. Gerson alijua jinsi inavyouma watu wakianza kukutazama vidole.

"Ni mimi, mama. Hizo mbili ni mkono wangu."

"Basi kwa hali hii, kaka, mimi..."

"Lete nione," Askofu akasema. Akaziangalia zile mbili kwa muda mrefu, kisha akasema wote wakisikia, "Mama, huyu anakudanganya. Huu unaotetemeka ni mkono wangu mimi, mwaka wa sita sasa. Wapiga picha wanaonijua hunisubiri niketi kwanza, mkono ukiwa umetulia magotini."

Mama Paulina akasogeza picha ya tatu, ya nne, ya kumi, akaziba mdomo kwa kitenge. "Nisamehe, kaka," akasema. "Picha za Krismasi ni zako."

Akashika birika kumiminia wageni. Kikombe cha Askofu akakijaza nusu, maana mke wa Askofu alishamnong'oneza mlangoni kwamba kisijae, bila kumwambia sababu. Mzee akakitazama, akamgeukia Gerson.

"Na wewe kwako wanakupa nusu?"

"Nusu, Baba."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mama, tujazie."

Mama Paulina akajaza mpaka ukingoni. Wakainua vikombe, na chai ikamwagika kwenye kanzu, kwenye suruali, kwenye zulia jipya la ofisi, na wote wawili walikuwa wakicheka.