Kifo Nilichokiruka

Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa nikitoka Kabiro, ninakoishi siku hizi, na kwenda Gatwekera, mtaa wangu wa zamani, kumsomea mama mmoja riwaya. Tulikuwa majirani miaka mingi, milango yetu ikitazamana, mto ukipita nyuma ya choo. Alifua nguo za watu mpaka macho yakaingia ukungu.

Kitabu nilikipata kwenye lundo la mitumba, jalada limekwisha. Ni riwaya kongwe ya Kiingereza kuhusu maskini wa ufuoni katika nchi ya mbali, watu wa vituko vya kila aina. Nilisoma kimoyomoyo, kisha nikamweleza kwa Kiswahili. Aliyempenda zaidi ni mzee aliyeishi chini ya mashua iliyopinduliwa. Kila asubuhi mzee huyo alifunga tai akaenda kufagia ufuo, na bahari ikamrudishia takataka zake kabla hajamaliza.

"Huyo angekuwa hapa kwetu tungemfanya chairman," mama alisema.

Ikawa kabla sijaketi ananiuliza, "Amekula leo?" Nilimcheka sana. Mtu wa karatasi anakula nini?

Basi Jumapili moja nikafika mahali mzee anakufa. Nilimtazama mama, ameegemea mabati, anatabasamu, anangoja tai ifungwe. Nikashindwa. Niliruka ukurasa mzima nikamwambia mzee amehamia kwa binti yake, anaendelea vizuri, hata amenenepa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliirefusha wiki tatu. Nikiwa kazini, napiga pasi suruali za wateja, huku natunga: binti amemnunulia kofia, mjukuu amezaliwa. Sijui ni nini kilinipata. Mimi si mtu wa hadithi.

Jumapili ya nne hakuuliza kama mzee amekula. Nilipofungua kitabu tu, akanizuia kwa mkono.

"Alikufa lini?"

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Ile siku ulifunua karatasi mbili mara moja. Macho yameenda, lakini masikio bado niko nayo."

Nikaona aibu mpaka shingo ikapata joto. "Sikutaka uumie."

"Hata wao walisema hivyo."

Ndipo akanieleza habari za kaka yake. Aliugua huko kwao magharibi mwa nchi, na kila mama alipopiga simu jamaa walimwambia mgonjwa anaendelea vizuri, amekunywa uji. Mwishowe wakamwita aje amwone. Alipofika, watu walikuwa wanakunja maturubai ya matanga.

"Nilikuwa nimembebea sweta," alisema. "Nikarudi nayo."

Nilichanganyikiwa. Huku kwetu sote tunaficha hivyo, na tunaita huruma. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mtu "njoo tu, ni mgonjwa" huku najua yuko mochari. Sasa kosa langu lilikuwa lipi? Na mama alipoanza kulia, alikuwa anamlilia nani, kaka yake au mfagiaji wa ufuo? Nilitaka kumuuliza nikaogopa. Mpaka leo sijui.

"Soma," akasema.

Nikarudi nyuma, nikasoma bila kuruka neno. Walimkuta asubuhi chini ya mashua yake, tai ikiwa shingoni.

"Nani alimzika?"

Nikatafuta ukurasa huo na uliofuata. Nikapekua mpaka mwisho wa sura, jasho likinitoka. Wenzake walikuwa wanakaanga samaki, mazungumzo yameshahamia kwingine.

"Mama, kitabu hakisemi."

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Hakisemi, nakuapia."

Akanyoosha mkono, akakitwaa kitabu mapajani mwangu na kukishika kwa mikono yote miwili.

"Kiache hapa," alisema. "Nitatafuta mtu mwingine anisomee."