Mpaka Chakula Kishuke

Baba hazimi gari mpaka aone pa kuligeuzia. Tangu watoke mji wa Bari, binti yake Ornella anavitazama vidole vya Baba kutoka kiti cha nyuma: vinapiga ngoma kwenye usukani, vinapapasa kioo, vinarudi. Mizabibu inapita, makanisa yanapita. Kwenye kila kanisa Baba husema: "Tumeshaliona, twendeni kabla ya foleni." Kila ufukwe wanaufikia wameshiba, na Mama ana sheria ya bibi zake: hakuna kuingia baharini mpaka chakula kishuke. Kikishuka, Baba keshawasha gari. Nguo za kuogelea bado zina harufu ya dukani.

Leo, kwenye ufukwe wa Otranto, hata midomo hawajafuta, Baba akaanza kuchezesha ufunguo. Mama akampokonya, akautia kifuani, akaingia majini. "We mwanamke, chakula hakijashuka!" "Kitashukia huku huku!" Baba akabaki mchangani, vidole vikicheza hewani bila usukani. Kisha akaufuata ufunguo wake, viatu na vyote, maji yakampanda magoti, kiuno, kifua. Mama akamrudishia. Akaupokea unachuruzika, asiutazame. Akawageukia kwa hasira Mama na Ornella, aliyekuwa ukingoni mwa maji: "Na nyie! Mbona hamkuniambia maji yana joto hivi?"