Darasa la Stoo

Nilipofika Junju na shahada yangu ndani ya bahasha ya plastiki, nilipewa Gredi ya Sita niwasomeshe Kiswahili kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mambo ya kuogopa nilikuwa nimeyaandaa mengi: watoto kunicheka, chaki kuniishia, mimi mwenyewe kusahau ninachofundisha. Kwamba watasoma vizuri mno, hilo sikuliandaa.

Maana walisoma vizuri mno. Msichana mrefu wa dawati la nyuma alianzisha, wenzake wakadakia, na ukurasa mzima ukatoka kwa sauti moja, vituo na mahadhi yote mahali pake. Mimi nimelelewa Shella, Malindi, na madrasani kwetu mtoto aliyetiririka bila kukwama ndiye aliyejua. Nikaenda kumwambia mwalimu mkuu kwamba darasa langu limewapita waandishi wa vitabu.

Mwalimu mkuu, mama wa Kigiriama aliyekaribia kustaafu, alinitazama juu ya miwani. Hakubisha. Siku ya pili alikuja darasani, akawaambia wafungue ukurasa uleule, ila waanze mstari wa chini kabisa, wapande juu.

Wachache walijaribu, wakisitasita. Wengine walivikodolea macho vitabu kama vile vimebadilishwa usiku. Yule msichana mrefu alifungua kinywa, akakifunga.

Walikuwa wameuhifadhi ukurasa kwa kuusikia. Kila mwaka darasa lina mwanzilishi wake, wengine humfuata, na mwalimu hutoka amefurahi. Ofisini kwa mkuu nilianza kuomba radhi na kuulizia utaratibu wa kujiuzulu.

"Mwanangu, sauti hizo zimetudanganya sote, na mimi ni wa kwanza," alisema. "Kaa chini tupange kazi."

Walimu tukakubaliana: kila asubuhi, saa moja nzima, shule yote isome, na kila mtoto akae na wanaosoma kama yeye, awe wa gredi yoyote. Kila mwalimu achukue kundi, mkuu pia. Kuitikia pamoja marufuku. Kila mtoto asome peke yake, asikilizwe. Mimi nilipewa kazi ya kuwapima, nikachora jedwali la rangi nne, kila rangi na kiwango chake cha kusoma. Nililipenda jedwali lile kupita kiasi. Nilikuwa nikilifungua hata nikiwa nakula.

Baada ya wiki chache watoto wadogo walianza kusoma vibao vya maduka njiani, wakichelewa kufika nyumbani. Lakini msichana mrefu alikuwa ameangukia rangi ya manjano, pamoja na Gredi ya Pili. Alikuja siku moja, akakaa kwenye benchi fupi magoti yakimfika kidevuni. Kisha hakuonekana tena, si saa ile wala vipindi vingine.

Mkuu alinituma kwao. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, nikiyapangua, hata nikapita nyumba yenyewe ikabidi nirudi. Mamake alikuwa uani akimenya mihogo. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akanionyesha kigoda. Alinieleza bila hasira kwamba binti amesema amerudishwa la pili, na mtu wa kumaliza msingi mwaka huu hawezi kurudishwa la pili. Dadake aliacha shule kwa aibu kama hiyo. Huyu naye keshasema hatarudi, na yeye mama hawezi kumburuta.

Nikamweleza kwamba binti bado ni wa Gredi ya Sita. Ni saa moja tu kwa siku.

Msichana alikuwa akiosha sufuria, ametupa mgongo. Hakugeuka.

"Saa hiyo moja ndiyo watu wananiona, mwalimu."

Jedwali langu lilikuwa na rangi nne na halikuwa na mahali pa kuandika kimo cha mtu.

Nilirudi kwa mkuu na mapendekezo matatu, kila moja na vipengele vyake. Alisikiliza la kwanza hadi katikati, akainua mkono. Aliuliza wakubwa waliokwama kama yule ni wangapi. Sita. Akauliza ni chumba gani kina mlango wa kufungika na hakitumiki asubuhi. Stoo ya chakula.

Nikampelekea mama wa msichana ujumbe: wakubwa peke yao, mlango umefungwa. Jumatatu msichana alikuja amechelewa, akakalia debe karibu na mlango, mahali pa kutorokea.

Vitabu sikuvigusa, maana walivijua kwa moyo. Nilimwambia kila mmoja atafute maandishi yoyote mle ndani asome. Zamu ya msichana mrefu ilipofika, alienda kwenye gunia la maharagwe, akaweka kidole chini ya herufi.

"We-ka. Ma-ha-li."

Akakwama. Mwenzake alitaka kumsaidia, nikatikisa kichwa. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe.

"Pa... pa-ka-vu."

Midomo yake ikayarudia maneno bila sauti. Kisha akatazama juu, kwenye dari, palipokuwa na duara kubwa la kahawia juu ya gunia lile.

"Basi hapa si mahali pake, mwalimu. Hapa panavuja."

Tukasimama sote saba tukaanza kusogeza magunia, yeye akituonyesha pa kuyaweka.