Nondo kwenye Kofia ya Baba

Mpangaji wetu, mkimbizi kutoka Burundi, alitazama kuta kabla ya kutazama watu, na Mama alizoea kumtania, "Jirani, leo kuta zimeamkaje?" Alikuwa akitafuta nondo, wale wadudu kama vipepeo wa usiku. Vidole vyake vinene vya mkulima vilishika pini kwa wepesi wa ajabu, na pale wenzake walipovaa msalaba yeye alining'iniza kioo cha kukuzia. Asubuhi moja, Mama akiwa kwenye eda ya Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, mpangaji huyo alikuja mlangoni kuniomba kaa la moto, akasahau alichofuata. Nondo mdogo wa kijivu alikuwa ametua kwenye kofia ya Baba, iliyotundikwa msumarini. "Tazama hiyo pua," alininong'oneza. Kweli, ilichomoza mbele kama mkonga. Jamii hiyo alidhani aliiona mara moja tu, kabla ya vita vya kwao, lakini bila kumpasua tumbo na kuchunguza viungo vya ndani asingekuwa na hakika. Akatoa chupa.

"Usimguse!" Mama alisema nyuma ya pazia. Kwetu Ujiji wazee husema nondo wa msibani huleta salamu za marehemu. Mimi najua roho ziko kwa Mola wao.

"Mama, huenda nisimwone tena," mpangaji alisema.

"Na mimi wangu simwoni tena."

Akaweka mikono nyuma, akainama na kioo chake, akatazama mpaka pumzi yake ikatikisa mabawa yale. Kisha akairudisha chupa tupu mfukoni, akavua kofia yake mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee," akamwambia nondo.